Wikiendi ndefu Wete, karafuu zikiwa juani

Mtu wa Unguja akitaka kwenda Pemba na gari yake kwa wikiendi ndefu, hesabu ya mwanzo ni ya meli. Boti za mwendo kasi humfikisha mtu Mkoani kwa saa chache, lakini gari haipandi humo. Gari huvushwa na meli kubwa, ile inayong'oa nanga Malindi watu wameshasali Isha na kufika Mkoani kunapambazuka, na nauli yake inauma. Mwenzangu ni mhasibu. Alikaa na kalamu, akajumlisha nauli ya gari, zetu wawili na petroli, akanionyesha kwamba kwa pesa hizo tungekodi gari Chake Chake na chenji ikabaki. Nikamwambia gari ya kukodi utaionea haya kuipakia mzigo. Pemba mtu hatoki hivi hivi, na mimi nilitaka kurudi na buti iliyojaa bila ya kumwomba mtu radhi. Tukaivusha Vitz yetu.

Mwaka ule, 2024, tarehe 14 Oktoba, siku ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere, iliangukia Jumatatu. Tukaondoka Ijumaa usiku, na marejeo Jumatatu usiku, ili Jumanne asubuhi kila mtu aende kazini kwake, hata kama ni kwa kusinzia.

Oktoba ni mwezi wa salama kwa mtu anayeogopa bahari. Kusi imeshalegea, kaskazi bado haijaja, na mabaharia wanakiita kipindi hicho tanga mbili. Hata hivyo meli ikifika mkondo wa Nungwi hutikisika kidogo, na sisi wa visiwani hatuwezi kupita pale usiku tukawa hatuna tunalolifikiria. Tangu MV Spice Islander I izame usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikiwa njiani kwenda Pemba, hakuna mtaa Wete au Chake usio na nyumba iliyoguswa. Mama mmoja aliyelala jirani yangu aliamka mwenyewe pale mkondoni, akashika tasbihi, alipoona maji yametulia akalala tena. Hakuna aliyesema kitu. Mimi nilikuwa na ndimu ya kunusa na tangawizi ya kutafuna, na vyote viwili nilivitumia.

Tuliokuwa tunawaendea si ndugu, ila kwa watoto wangu ni mama mkubwa na baba mkubwa. Tulipanga ghorofa moja katika majumba ya Michenzani miaka mingi, mlango wangu na wake ukitazamana. Wanawe walikula kwangu, wangu walilala kwake, na maji yakikatika tulikuwa tukipandisha ndoo kwa zamu. Kisha mumewe akahamishiwa Wete, ambako ndiko kwao, na shoga yangu mtoto wa mjini akafungasha akamfuata. Kila tukizungumza kwa simu tulikuwa tunaahidiana. Safari hii nilipompigia kumwambia tunakuja kweli, nikamuuliza tuje na nini. Akanijibu, "Njooni na mikono yenu." Nikacheka, nikijua ni yale maneno ya mwenyeji muungwana, nikaenda Darajani kununua matufaha na boksi la biskuti.

Mwenzangu naye alikuwa na lake. Alikuwa ameandika orodha: magofu ya Mkama Ndume kule Pujini, popo wa Kidike, kisiwa cha Misali, msitu wa Ngezi, mnara wa Ras Kigomasha, na pembeni ya kila kimoja saa ya kufika na saa ya kuondoka. Orodha yangu ilikuwa na jina moja tu, la shoga yangu. Tulikuwa tumeshabishana juu ya hilo tangu nyumbani, tukaendelea kidogo ndani ya meli, tukaja kumaliza kwenye mlima wa kutokea bandarini Mkoani, pale gari ilipokuwa inaguna na yeye akanyamaza ili aisikilize injini. Pemba si kama Unguja. Barabara inapanda na kushuka, ukimaliza kilima kimoja unaona bonde la mpunga na kilima chengine mbele yake, na kila upande ni minazi, migomba na mikarafuu. Tulizima kiyoyozi, tukafungua madirisha. Hapo ndipo harufu ilipotuingia.

Msimu ulikuwa umechanganya. Kila nyumba iliyo karibu na barabara ilikuwa na majamvi yametandazwa mbele, mengine yameingia mpaka pembezoni mwa lami, na juu yake karafuu za kila rangi: za kijani kibichi zilizoanikwa asubuhi ile, za wekundu wa kutu zenye siku mbili tatu, na zilizokwisha kuwa kahawia iliyokoza, zinasubiri gunia. Dereva wa Pemba anapozikuta hupunguza mwendo mwenyewe. Mwenzangu alijifunza hilo kwa mzee mmoja aliyenyanyua bakora yake kidogo tu, bila ya hasira, mwendo wetu ulipokuwa wa mjini. Tukasimama, tukamsalimia, akatuuliza tumetoka wapi na tunakwenda kwa nani. Alipomsikia mwenyeji wetu akatueleza nyumba yake, ya baba yake, na ya shangazi yake. Saa ya kufika Pujini iliyoandikwa kwenye orodha ilipita tukiwa pale pale.

Pujini tulifika hata hivyo, na sijuti. Ni ngome ya kale, inayohesabiwa kuwa ya karne ya 15, handaki lake bado linaonekana chini ya vichaka. Wenyewe wanasimulia kwamba Mkama Ndume alikuwa jabari kiasi cha kuwaamuru watu wake wabebe mawe huku wakisota kwa makalio. Kilichomvutia mwenzangu ni kisima. Husimuliwa kwamba kiligawiwa kwa ukuta kwa sababu ya wake zake wawili, ili kila mmoja ateke maji upande wake wasionane. Akakizunguka, akakipima kwa macho, akasema, "Ukuta wenyewe umegharimu kuliko kisima." Nikamwambia na alichukulie hilo kuwa somo la hesabu.

Kutoka Chake kwenda Wete ni kama kilomita 30, za kona kwa kona. Tulipoingia uani kwa wenyeji wetu sikumwona shoga yangu. Niliona mgongo wake. Alikuwa ameinama na wanawake wengine wanne juu ya lundo la karafuu mbichi. Aligeuka, akapiga kigelegele, akanikumbatia kwa viwiko kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimeroa utomvu. Chai ilikuwa tayari, mkate wa mofa na mchuzi wa pweza, tukala vizuri, tukaulizana hali za watoto, wazee na wagonjwa. Kisha mama mkwe wake, bibi wa makamo ya kuheshimiwa, akanitupia kigoda cha mbuzi kilichokwisha kung'oka meno, sasa ni kiti tu.

"Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Nyie n'nakupeni leo leo. Karafuu hazingoji, mwanangu."

Hapo nikafahamu kuwa maneno ya simuni hayakuwa ya uungwana.

Kwa asiyejua: karafuu ni chipukizi la ua. Huchumwa kabla ya ua kufunguka, kichwa kikiwa kimeanza kuona wekundu, na likishafunguka thamani imekwenda. Mchumaji hupanda na ngowe, kijiti chenye kulabu cha kuvutia matawi, akavunja shada zima zima akatia kwenye pakacha. Kwa hiyo kinachofika nyumbani ni vishada, na usiku ule ule lazima vichambuliwe, karafuu kando na makonyo kando. Unashika kishada mkono mmoja, unakisukuma juu ya kiganja cha mkono wa pili kwa kukizungusha kidogo, na karafuu zinadondoka zenyewe. Shoga yangu, ambaye Michenzani alikuwa akilalamika kupara samaki, alikuwa anafanya hivyo bila ya kutazama. Mimi nilivunja vichwa, nikaambiwa taratibu, nikavunja tena. Baada ya saa nzima ncha za vidole vyangu zilikuwa zinawaka kama nimemenya pilipili. Makonyo nayo hayatupwi. Huanikwa, huuzwa, na pale Wawi, karibu na Chake, kipo kiwanda kinachoyakamua mafuta.

Shamba lenyewe ni eka tatu alizopewa marehemu baba wa nyumba ile baada ya Mapinduzi ya 1964, katika ugawaji ule wa ardhi uliompa kila aliyebahatika eka tatu. Mikarafuu aliikuta. Asili ya Pemba kushika karafuu ni ya zamani zaidi: kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, ya Pemba haikuguswa sana, na tangu hapo sisi wa Unguja tunajisifu kwa karafuu zinazotoka kwa wenzetu. Mwenyeji wetu alilisema hilo kwa kicheko, lakini alilisema. Mwenzangu alikuwa pembeni yake, amevaa kikoi cha kuazima, anapima karafuu kwa pishi na kuandika kila mchumaji amechuma pishi ngapi, kwa sababu kila mmoja hulipwa kwa alichochuma. Kazi hiyo walimpa wenyewe walipojua ni mhasibu. Sijamwona akiwa na furaha vile hata siku anapofunga mahesabu ya ofisini.

Kuna jambo nililolipata kwenye lile jamvi ambalo nadhani sebuleni nisingelipata. Mgeni wa sebuleni hukaa akatazamana na mwenyeji wake, soda katikati, na mazungumzo yanakuwa ya kuonyeshana heri: mtoto wa kwanza anasoma wapi, nyumba imefika wapi. Kwenye kuchambua macho yako chini na mikono ina shughuli, na mtu akinyamaza hakuna anayemuuliza mbona kimya. Shoga yangu alianza na habari ndogo ndogo, halafu, bila ya kubadilisha sauti, akaniambia mwaka wao wa mwanzo Wete alifungasha nguo zake mara kadhaa arudi Unguja. Hakuwa na wa kuzungumza naye, lahaja ya watu ilimpita, na mama mkwe alimwona mtoto wa ghorofani. Muda wote ule alikuwa ananijibu kwenye simu kwamba mambo mazuri. Kilichomweka, akasema, ni msimu wa kwanza wa karafuu. Walipokuwa wanachambua bibi aliona vidole vyake vimechubuka, akampaka mafuta ya nazi, hakusema neno. Asubuhi akampa ufunguo wa ghala. Bibi mwenyewe alikuwa mita mbili tu kutoka hapo akituchekea, sijui kama alisikia.

Niliitazama Michenzani upya, mlango wangu na wake. Tulikuwa tukidhani tunajuana.

Jumapili asubuhi ilikuwa ya Ngezi na Kigomasha kwa mujibu wa orodha. Jua lilitoka kali. Karafuu zilitandazwa kila mahali, uani, barazani na kwenye sakafu ya jirani ng'ambo ya njia. Nilikuwa nimeshavaa buibui, watoto wa shoga yangu wanagombea dirisha la gari, bibi akainua kichwa akanusa. Mimi sikuona wingu. Akapiga ukelele, "Mvua hiyo!" na mtaa mzima ukafumka kama siafu waliomwagiwa maji ya moto.

Karafuu iliyokwisha kushika jua haitaki maji. Ikiroa na kulala na unyevu huchacha, hupauka, na kwenye kituo cha kununulia huteremshwa daraja. Kwa kawaida huhitaji siku nne au tano za jua zuri hadi ikivunjwa ilie. Kwa hiyo mvua ya dakika kumi inaweza kula kazi ya wiki. Jamvi moja linataka watu wawili: unashika pembe zako mbili, mwenzio zake mbili, mnakutana katikati, mnavuta mpaka ukumbini. Mimi na mwenzangu tukashika la kwanza. Katika miaka yote ya ndoa yetu hatujawahi kubeba kitu pamoja bila ya kuelekezana, na hapo hapakuwa na muda wa kuelekezana. Matone ya mwanzo, makubwa ya vuli, yalianza kupiga mabati.

Nikamtafuta shoga yangu, nisimwone. Alikuwa ng'ambo ya njia, na mwanawe mkubwa, wanazoa karafuu za jirani huku lake moja kubwa likiwa bado uani. Nikamwita kwa nguvu. Hakugeuka. Mwenzangu akaliendea lile jamvi peke yake, akalivuta kwa pembe mbili, likamwaga nusu. Tulipolifikisha chini ya paa lilikuwa limeshanyeshewa vya kutosha.

Mvua ikakatika ghafla kama ilivyokuja. Tulikaa ukumbini tumelowa, kikoi cha mwenzangu kinachuruzika. Nikamuuliza shoga yangu kwa nini alianza na za mtu. Alinitazama kama niliyeuliza swali la mtoto.

"Mwenyewe yuko shamba. Zangu zina mimi na nyinyi. Zake zina nani?"

Mchana jua lilirudi, majamvi yakarudi, na mwenyeji wetu mwenyewe akatufukuza. Nendeni mkatembee, akasema, hapa sasa ni kazi ya kugeuza tu. Tukapakia watoto wote waliotosha na wawili wasiotosha, tukashika njia ya Konde. Baada ya Konde barabara inaingia msitu wa Ngezi, na jua la Pemba linazimwa ghafla. Mivule imekwenda juu, mitambaazi imening'inia, hewa ya baridi. Watoto walitutisha kwa hadithi za mashetani wa Ngezi na wao ndio waliopandisha vioo. Popo wa Pemba, mkubwa kama kuku, asiyepatikana popote duniani ila kisiwa hiki, tulimwona mmoja tu akipita juu ya miti. Zamani aliwindwa kwa kitoweo, sasa analindwa. Mwenzangu akasema huyo anatosha kwa Kidike. Vumawimbi tulikanyaga mchanga, tukala mihogo ya kuchemsha tuliyofungiwa, na Ras Kigomasha tukapanda ule mnara wa chuma wa zama za Waingereza kabla jua halijashuka. Misali ikabaki kwenye karatasi. Hakuitaja tena.

Jumatatu ilikuwa siku ya kufungasha, na hapo gari ilitoa sababu ya kuvushwa kwake. Mikungu ya ndizi, mashelisheli, viazi vikuu, nazi zilizofuliwa, madebe mawili ya mpunga mpya na halua ya Wete ndani ya vikapu vidogo vya ukili. Jirani yule wa ng'ambo alileta kuku mzima, amefungwa miguu, akasema ni wa mgeni aliyelowa. Boksi langu la biskuti nililiona limewekwa juu ya kabati la vyombo, halijafunguliwa, kwa ajili ya wageni.

Kitu kimoja tulichokosa ni karafuu. Shoga yangu alikuwa ameshanitilia mfuko, mumewe akautoa kwenye buti. "Usiwatie watu matatani bandarini," akamwambia. Alikuwa na haki. Karafuu hapa si kama ndizi. Mnunuzi kwa sheria ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, peke yake, na kutembea nazo bila ya kibali ni kujitakia kesi ya magendo, hata ukiwa na nia ya pilau tu. Mkoani buti ilifunguliwa kweli, askari akaisukuma mikungu, akamtazama kuku, kuku akamtazama yeye, tukaruhusiwa. Harufu ilikuwa imejaa garini vile vile, na nilimwona anavuta pumzi kabla ya kufunga mlango.

Tukiwa melini mwenzangu aliniuliza kama msimu ujao utaangukia likizo yake. Nikamwambia karafuu hazijui likizo yake, na aombe ruhusa mapema.

Wiki iliyofuata shoga yangu alipiga simu. Walikuwa wametoka kituoni kuuza. Karafuu zote zimechukuliwa daraja la kwanza isipokuwa za lile jamvi la uani, zimekwenda la pili. Nikaanza kusema pole, akanikata.

"Pole ya nini? Mngekuja na wale watoto wenu, na lile lingepona. Disemba shule zikifungwa waleteni, bado mikarafuu ya nyuma haijachumwa."